Unataka aironi mpya? Usinunue yadi, Nairobi tayari imekupa bure

KUNA kipindi kinachomfika kila kijana aliyeanza gofu kwa seti ya kuazima. Hendikapu imeshuka kutoka 28 hadi 17, mpira hauingii tena vichakani kila shimo, na wazee wa klabu wameanza kukuita kwa jina. Hapo ndipo macho huanza kutembea. Ukipita kwenye duka la klabu unasimama mbele ya aironi zilizopangwa ukutani kama mtu anayechagua raba Moi Avenue. Usiku, badala ya kulala, unatazama video za Wamarekani wakiapa kwamba seti mpya imewaongezea yadi 15.

Yadi 15, maze! Nani asiyezitaka?

Lakini kabla hujatoa doh, uliza kitu kimoja: hizo yadi zimetoka wapi? Mara nyingi sehemu kubwa yake haikutoka kwenye teknolojia yoyote ya ajabu. Imetoka kwenye namba iliyochongwa chini ya fimbo.

Saba ambayo si saba

Kwa aliyeingia juzi, aironi ni zile fimbo zenye kichwa chembamba cha chuma, zinazoandikwa namba kuanzia 4 hivi hadi 9, kisha inafuata ile yenye herufi PW. Namba ikipanda, uso wa fimbo unalala nyuma zaidi, mpira unapaa juu zaidi na kwenda umbali mfupi zaidi. Kulala huko kwa uso, ambako hapa nitakuita mwinamo, hupimwa kwa digrii.

Sasa sikiza. Hakuna sheria inayosema saba lazima iwe na digrii ngapi. R&A na USGA, wanaotunga sheria za gofu duniani, wanadhibiti mengi: mifereji ya usoni, urefu wa fimbo, hata idadi unayobeba kwenye mfuko, zisizidi 14. Namba ya chini wamewaachia wenye kampuni wajiandikie. Zamani saba ilikuwa na mwinamo wa digrii 34 hadi 36. Leo, katika seti zinazouzwa kwa wachezaji wa kawaida, saba ya TaylorMade Stealth ina digrii 28. Ya PING G430 ina 29, ilhali G425 iliyoitangulia ilikuwa na 30. Titleist T100, iliyotengenezewa wachezaji wa kiwango cha juu, bado imebaki kwenye 34.

Kati ya aironi moja na inayofuata huwa kuna digrii nne hivi. Kwa hivyo ukilinganisha saba ya digrii 34 na ile ya 28, umeruka zaidi ya fimbo nzima. Umepiga kitu kinachokaribia tano ya babu yako, ila chini kimeandikwa 7. Lazima kiende mbali!

Si utapeli mtupu, tuseme ukweli. Vichwa vya siku hizi vina uzito mwingi kule chini na uso mwembamba unaorusha mpira kwa kasi, hivyo vinapandisha mpira kirahisi. Wahandisi wangeuacha mwinamo wa zamani, mpira ungepaa kama tiara. Kupunguza digrii kulikuwa na sababu. Tatizo ni wewe kulipa pesa nyingi ukiamini umekuwa na nguvu zaidi, kumbe umebadilishiwa kibandiko.

Hewa ya juu na grini ngumu

Hapa ndipo ushauri wa video za Florida unapoanza kumpotosha kijana wa Nairobi. Jiji hili liko karibu mita 1,700 juu ya bahari. Hewa yake ni nyepesi, mpira haupati upinzani mwingi, na makadirio ya kawaida ni kwamba unakwenda mbali kwa asilimia 6 hadi 10 zaidi ya pwani. Mpira unaofika yadi 150 pale Nyali, Mombasa, utafika 160 hivi ukiupiga vile vile Railway au Muthaiga. Ukipanda Limuru, zaidi ya mita 2,000, unaongezewa tena.

Kwa hivyo yadi unazo. Umepewa bure na mlima.

Ila cha bure nacho kina bei. Mpira wa gofu huinuliwa na msokoto wake wa nyuma unapokutana na hewa, na hewa ikiwa nyepesi, msokoto huo haupati pa kushika. Mpira unapaa chini kidogo kuliko ambavyo ungepaa Mombasa na unatua ukiwa umelala. Ongeza jua la Januari na Februari, grini zikiwa zimekauka, halafu mpe huyo kijana saba ya digrii 28. Mpira unatua mbele ya bendera vizuri kabisa, unadunda mara mbili, unapotelea kwenye banka la nyuma. Marafiki wanasema, "Umepiga poa, bahati mbaya tu." Haikuwa bahati. Ilikuwa jiometria.

Tazama wanaokula kwa mchezo huu. Takwimu za TrackMan, ile rada ya kupimia mipigo, zinaonyesha wanaume wa PGA Tour ya Marekani wakipiga saba takriban yadi 170 hewani, na wanawake wa LPGA takriban 140. Tofauti ni yadi 30. Lakini angalia mpira unavyoshuka: kwa wanaume unaanguka kwa pembe ya karibu digrii 50, kwa wanawake kama 47. Karibu sawa! Wachezaji wengi wa Jumamosi hapa kwetu wanapiga saba mbali kama hao kina dada au zaidi, lakini hawakaribii alama zao hata kidogo. Mpira wa kina dada ukitua, unasimama. Wapimaji wa fimbo wengi hutaka aironi ishushe mpira kwa digrii 45 kwenda juu, na hiyo ndiyo namba ya kuulizia dukani. "Inaenda mbali kiasi gani?" ni swali la pili.

Kuna na mtego mwingine wa mwinamo mkali ambao wauzaji hawautaji. PW ya zamani ilikuwa na digrii 46 hadi 48. PW ya G430 ina 41. Kama weji yako ya mchanga ni ya 56, umebaki na pengo la digrii 15 katikati, yaani kuna umbali mzima kati ya yadi 80 na 120 ambao huna fimbo yake. Itabidi ununue weji mbili za kuziba. Bei ya seti sasa si ile uliyoiona ukutani, na nafasi 14 za mfuko zinaanza kubana.

Bledi za kuflex

Aironi ziko za aina nyingi, lakini kwa mtu wa hendikapu ya 12 hadi 20 mjadala huwa kati ya pande mbili. Kuna bledi, nyembamba kama kisu cha mkate, zinazong'aa na kumfanya mwenye mfuko aonekane mtu wa maana. Na kuna zile nene, pana kwa chini kama jembe, mgongo wake umechimbwa.

Huo mgongo uliochimbwa ni kazi ya akili. Karsten Solheim, mhandisi mzaliwa wa Norway aliyekuwa akifanya kazi General Electric kule Marekani, ndiye aliyeanzisha PING mwaka 1959, na alijulikana kwa kutoa uzito katikati ya kichwa na kuupeleka kingoni. Umeona watu wa sarakasi wanaotembea juu ya kamba wakiwa wameshika mti mrefu mikononi? Uzito ulio mbali na katikati unafanya kitu kisizunguke kirahisi. Ukigonga mpira karibu na ncha ya fimbo ya namna hiyo, kichwa hakipinduki sana na mpira bado unafika karibu na ulikotaka. Ukifanya hivyo na bledi, mkono unawasha kama umegusa waya, na mpira unaanguka yadi 20 kabla ya grini.

Mtasikia pia ubishi wa chuma kilichofuliwa na kile kilichomiminwa kwenye kalibu. Kilichofuliwa ni laini, kinapendeza mkononi, na fundi hukipinda kirahisi akirekebisha pembe. Zaidi ya hapo, mahali uzito ulipowekwa panakusaidia kuliko jinsi chuma kilivyotengenezwa. Mtu asikuongezee Sh40,000 kwa neno "kufuliwa" peke yake.

Msimamo wangu kwa anayecheza Nairobi na hendikapu inashuka: chagua kichwa chenye mgongo uliochimbwa, lakini saba isiwe chini ya digrii 30, na ukipata ya 31 au 32 inayokupa msaada huo huo, chukua hiyo. Zipo nyingi za katikati. Baadhi ya kampuni, PING ikiwemo, huweza kukutengenezea seti ile ile kwa mwinamo wa jadi ukiagiza. Namba hizi zote ziko wazi kwenye tovuti za watengenezaji, jedwali zima, na kuzisoma hakuchukui hata dakika tano za bando.

Na usilazimike kununua nne. Katika seti za kisasa nne ina digrii 19 hadi 21, na mtu asiye na kasi kubwa hawezi kuipandisha. Anza na tano, au hata sita, halafu juu yake weka haibridi. Ndiyo maana seti ya mitumba iliyopoteza nne yake isikutishe. Ni sababu ya kuomba punguzo.

S si ya supastaa

Vijana tunateleza sana kwenye shafti. Zimeandikwa herufi: L, A, R, S, X, kutoka inayonyumbuka zaidi hadi ngumu kabisa. Msee wa miaka 24 anayepiga gym anaona aibu kubeba R, na dada anapewa L kabla hata hajauliza swali, eti kwa sababu ni dada. Herufi hizo hazina kipimo kimoja kinachokubaliwa na wote. S ya kampuni moja inaweza kuwa R ya nyingine. Kinachoamua ni kasi ya fimbo yako na jinsi unavyoivuta kutoka juu, si jinsia wala misuli ya kifua.

Uzito ndio wa kuangalia kwanza. Shafti za chuma za wachezaji wenye nguvu hufika gramu 130 hivi. Zipo za chuma nyepesi za gramu 95 hadi 105, na za grafaiti zinazoshuka chini zaidi. Dukani, ukiwa umekunywa chai na kupiga mipira kumi, gramu 130 ni tamu. Shimo la 15 saa nane mchana, baada ya kutembea kilomita kadhaa, ni habari tofauti. Uliza mwili wako wa saa nane.

Kisha kuna pembe ya kulala kwa fimbo ardhini. Fimbo ikisimama wima kupita kiasi kwa mwili wako, ncha yake inainuka na mpira unavutwa kushoto kwa mpigaji wa mkono wa kulia. Ikilala sana, unakimbilia kulia. PING hutumia vidoti vya rangi kuonyesha pembe hiyo, cheusi kikiwa cha kawaida, kwa hivyo ukiona kidoti chekundu au cha buluu kwenye seti ya mtumba ujue ilipimiwa mtu fulani, na huenda mtu huyo hafanani nawe kabisa.

Kipimo cha nyumbani kipo, na hakigharimu kitu. Chukua kalamu ya ubao mweupe, ile inayofutika, chora mstari mnene wa wima kwenye mpira, uelekeze usoni mwa fimbo, kisha piga. Mstari utaachia alama kwenye chuma. Ukiwa wima, pembe iko sawa. Juu yake ikiegemea upande wa ncha ya fimbo, imesimama mno. Ikiegemea upande wa shingo, imelala mno. Fundi anaweza kupinda digrii moja au mbili.

Kalamu hiyo hiyo ifanye kazi nyingine. Paka uso mzima wa saba yako ya sasa, piga mpira mmoja, tazama ulipofuta rangi. Rudia mara 20. Alama zikikusanyika mahali pamoja, hata kama ni karibu na shingo, wewe ni mteja wa aironi mpya, maana una mpigo unaojirudia na fundi ana kitu cha kupima. Zikitawanyika kama kuku wa kienyeji waliosikia mwewe, aironi yoyote utakayonunua itatawanya vile vile. Hizo pesa mpelekee kocha. Masomo kadhaa yatakutoa mbali kuliko chuma chochote, na hilo nalisema nikijua halina ladha ya kufungua boksi jipya.

Siku ya kujaribu, kataa kupiga kwenye zulia pekee. Ukikwangua zulia nyuma ya mpira, fimbo inateleza na mpira unaenda tu. Kwenye nyasi za kikuyu, ambazo ndizo zimejaa kwenye viwanja vyetu vya bara, ukikwangua hivyo umekwama. Kwenye njia iliyokatwa vizuri nyasi hizo zinaubeba mpira juu kama mto. Kando zikiwa ndefu zinashika shingo ya fimbo na kuufunga uso. Omba fimbo moja ya kujaribia uende nayo mashimo tisa. Golf Park, pale uwanja wa mbio za farasi Ngong Road, unaweza kulipa na kucheza bila kuwa mwanachama. Beba mipira ile ile unayoichezea siku zote, kwa sababu mipira ya kukodi uwanja wa mazoezi imechoka na haikupi namba za kweli.

Na muulize kedi wako. Amekuona mashimo mengi kuliko mwalimu yeyote, anajua saba yako inafika wapi siku mbaya, na hana sababu ya kukusifu. Video ya Florida haina habari hiyo.

Doh itoke wapi

Seti mpya ya aironi saba kutoka kampuni kubwa, ikitoka tu, nyingi huuzwa Marekani kwa dola 1,000 au zaidi. Kwa Sh129 kwa dola hiyo ni Sh129,000, kabla ya usafiri, ushuru na VAT ya asilimia 16. Kwa kijana wa kazi ya kwanza ni kodi ya nyumba ya miezi kadhaa. Kuna watu wanaichukulia mkopo wa simu. Usithubutu. Fimbo haijawahi kulipa riba ya mtu ila ya mtaalamu.

Habari njema ni kwamba kampuni hubadilisha modeli kila miaka miwili hivi, na ya jana hushuka bei ingawa inapiga vile vile. PING imetoka G410 mwaka 2019 hadi G425, G430 na sasa G440. Seti iliyopitwa na modeli mbili, iliyotunzwa, ndiyo bei ya akili. Kwa saba, kumbuka, G425 ina digrii moja zaidi ya mdogo wake, na kwa hewa yetu hilo ni jambo zuri.

Kwenye mtumba angalia hivi: mifereji ya usoni bado ina makali ukipitisha ukucha? Shafti zote ni za aina moja, au nane imebadilishwa baada ya kuvunjwa kwenye mti? Kuna kutu inayochungulia chini ya gripu? Gripu zenyewe zikiwa ngumu kama plastiki si shida, hizo hubadilishwa kwa bei nafuu, na ukibadilisha ulizia saizi ya mkono wako. Zipime urefu pia, zimepangwa sawasawa au kuna aliyezikata.

Feki nazo zipo sokoni. Seti "mpya kabisa", ikiwa bado kwenye nailoni, kwa robo ya bei ya dunia, si baraka. Tazama rangi iliyojazwa kwenye maandishi kama imemwagika ukingoni, kile kipete cheusi shingoni kama kimeacha mwanya, na namba ya usajili kwa zile kampuni zinazoiweka. Mwambie muuzaji unataka kuihakiki kwanza. Mwenye mali halali hatakasirika.

Seve Ballesteros, aliyeshinda Kenya Open hapa Nairobi mwaka 1978, alijifunza mchezo akiwa mtoto kwenye mchanga wa ufuo wa Pedreña, Uhispania, kwa aironi moja kuukuu namba 3. Hakuna anayekwambia ucheze na moja. Lakini aliyeshika moja alijua inafanya nini kwa kila namna ya mpigo, na wengi wetu tuna saba tusizozijua.

Kwa hivyo seti ikifika, kaa na zile za zamani miezi miwili kabla hujaziuza kwa kijana anayeanza. Pima kila fimbo mpya kwa mipira kumi, futa ule mmoja uliokwenda mbali kupita kiasi, andika wastani wa iliyobaki kwenye simu. Tengeneza safu mbili: ya Nairobi, na ya pwani ukitoa asilimia 6 au 7. Siku utakaposhuka na SGR kwenda Nyali na upepo wa bahari unavuma usoni, saba yako itakuwa haifiki ulikozoea. Chukua sita.